Kodi ya Nyumba: Historia Fupi ya Msamiati wa Fedha Katika Kiswahili cha Chaani, Mombasa

1.0 Utangulizi

Ipo dhana iliyozoeleka miongoni mwa wataalamu wa uchumi, na mara nyingine miongoni mwetu wanalugha, kwamba Kiswahili kiliingia katika karne ya 20 kikiwa hakina maneno ya kuzungumzia fedha, na kwamba Kiingereza ndicho kilichokuja kuliziba pengo hilo. Makala hii inakusudia kuichunguza dhana hiyo kwa kufuata historia ya maneno machache katika mahali pamoja, yaani Chaani, sehemu ya Changamwe iliyo katika bara ya magharibi ya Mombasa, jirani na Port Reitz na gati za Kipevu.

Chaani imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni makazi ya watu wa kazi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Changamwe. Gati za kina kirefu za Kilindini zilifunguliwa katika miaka ya 1920. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013. Watu waliofuata kazi hizo, Wamijikenda, Wataita, Wakamba, Waluo, Waluhya na wengineo, walikutana na Wamvita na wakazungumza nao kwa Kiswahili. Pili, katika mahali kama hapo maneno ya fedha hayakai kitabuni. Mtu huyatumia mwisho wa mwezi, anapolipwa na anapolipa.

Hoja yetu ni kwamba Kiswahili hakikukosa maneno. Kilichotokea ni kwamba mambo mapya ya kiuchumi yaliyokuja na utawala wa Kiingereza yalipachikwa katika maneno ya zamani, na mambo hayo yakatengwa kwa majina mbalimbali katika Kiingereza tu. Matokeo yake ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kulipa vitu vitatu tofauti kwa jina moja. Neno kodi litakuwa kielelezo chetu kikuu.

2.0 Hazina ya zamani

Kabla ya Waingereza, biashara ya Mombasa ilikuwa na ghala tatu za maneno. Ya kwanza ilikuwa sheria na biashara ya Kiislamu, ambayo ilitupa fedha (kwa asili, madini yenyewe), mali, faida, hasara, rehani, dhamana, riba, hawala, ushuru na arabuni. Ya pili ilikuwa biashara ya Wahindi, ambayo ilitupa rupia, hundi, bima na, kwa maoni ya wengi, pesa. Ya tatu ilikuwa vitenzi vya Kibantu vyenyewe: kukopa, kulipa, kuuza, kununua, kuchuma.

Inafaa tuliangalie kwa makini neno hili la mwisho. Uchumi tunaoufundisha leo vyuoni umetokana na kuchuma, yaani kutwaa tunda mtini. Aliyekuwa mchumi hapo zamani ni mtu aliyejitafutia chumo, si mtu aliyesomea namna wengine wanavyolitafuta. Neno halikuundwa upya. Lilihamishwa kutoka shambani na sokoni hadi darasani.

Mfano mwingine ni mfuko. Neno la Kiingereza lililotupa bajeti lilitokana na neno la Kifaransa lililokuwa na maana ya kijaluba cha ngozi. Kiswahili nacho, bila ya kuiga, kimelitumia neno mfuko kwa maana ya fungu la fedha lililotengwa kwa kazi maalumu. Lugha mbili zimepita njia moja. Kwa hiyo si kweli kwamba dhana hizi ni ngeni kwa namna Kiswahili kinavyofikiri.

3.0 Sarafu: jina hubaki, thamani hubadilika

Sarafu za kwanza za Waingereza katika pwani hii zilitolewa na Kampuni ya Imperial British East Africa mwaka 1888, nazo zilichapwa jina la Mombasa. Kampuni hiyo haikuleta hesabu ya Kiingereza. Ilifuata rupia na pesa za Kihindi. Rupia moja ilikuwa na pesa 64. Kwa hiyo pesa, ambalo leo ni jina la fedha zote, lilikuwa jina la sarafu ndogo ya shaba.

Baadaye rupia iligawanywa katika senti 100. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia paundi moja ya Kiingereza ilikuwa sawa na rupia 15. Baada ya vita thamani ya madini ya fedha ilipanda, na mwaka 1920 serikali ikaikadiria rupia kwa shilingi mbili, yaani rupia 10 kwa paundi. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwishoni mwa mwaka 1919, ikatoa florini mwaka 1920, kisha shilingi mwaka 1921. Shilingi nayo ikagawanywa katika senti 100.

Mwanalugha hana budi kusimama hapa. Senti iliyokuwa sehemu ya mia ya rupia ilikuwa sasa sehemu ya mia ya shilingi, yaani nusu ya thamani yake ya awali, lakini jina lake halikubadilika hata kidogo. Mtu aliyeahidiwa ujira kwa senti alihitaji kuuliza ni senti za nini.

Thumuni latuonyesha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Kwa Kiarabu maana yake ni sehemu ya nane. Je, yawezekanaje sehemu ya nane kuwa senti 50, ambazo ni nusu ya shilingi? Jibu limo katika riale, dola ya Maria Theresa iliyotumika pwani katika karne ya 19, na ambayo ilihesabiwa kwa rupia mbili na kitu kidogo. Thumuni ya riale ilikuwa takriban robo ya rupia. Rupia ilipofanywa shilingi mbili, robo yake ikawa senti 50. Riale ilitoweka, rupia ikatoweka, lakini neno lilibaki likihesabu kwa kipimo ambacho hakipo tena. Benki Kuu ya Kenya ilipoanzishwa mwaka 1966 na kutoa noti zenye maneno ya Kiswahili, watu waliendelea kuiita nusu ya shilingi thumuni.

4.0 Ujira, mshahara na kibarua

Kiingereza hutofautisha malipo ya mtu wa siku na malipo ya mtu wa mwezi. Kiswahili kilikuwa nayo tofauti hiyo kabla ya reli. Ujira ni malipo ya kazi iliyofanywa. Mshahara, kwa asili yake ya Kiarabu, umetokana na neno lenye maana ya mwezi. Katika bandari ya Mombasa tofauti hiyo haikuwa ya kamusi tu, bali ilikuwa tofauti ya maisha, kwa kuwa kwa miaka mingi kazi ya kupakia na kupakua meli ilifanywa na watu walioajiriwa siku kwa siku. Watu hao waliitwa makuli, kwa neno lililotoka Bara Hindi, wakafanya kazi chini ya serahangi, neno la mabaharia. Na kazi yao iliitwa kibarua.

Kibarua ni barua ndogo. Katika karne ya 19 huko Unguja na Mombasa, neno hili lilihusiana na watu, wengi wao watumwa, waliokodishwa kwa siku kwa cheti; mtumwa alipewa ujira, na sehemu ya ujira huo ikaenda kwa bwana wake. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Cheti kilikwisha, lakini jina likamwangukia mtu huru aliyefanya kazi ya siku. Kiingereza kilipoihitaji istilahi ya kazi isiyo ya kudumu, kiliitumia sifa isiyo na historia ya aina hiyo. Ripoti za serikali zilipoandika juu ya wafanyakazi hao ziliandika kana kwamba jambo lenyewe lilizaliwa gatini. Kiswahili peke yake ndicho kilichohifadhi nasaba yake.

Neno kipande lina mkasa unaofanana na huo. Lilikuwa kadi ya kuhesabia siku za kazi, kisha, baada ya Vita vya Kwanza, likawa hati ya kumsajili kila mwanamume Mwafrika aliyetafuta kazi. Pande la karatasi likawa kifungo cha mtu.

Mgomo mkuu wa Mombasa ulioanza tarehe 13 Januari 1947 ulihusu fedha moja kwa moja: mishahara, kodi za vyumba na ughali wa maisha baada ya Vita vya Pili. Maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli, hoteli na nyumba walikaa bila kufanya kazi kwa muda wa siku kama 12, wakakutana katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini, na chama kilichoongozwa na Chege Kibachia kikazaliwa humo. Mikutano hiyo iliendeshwa kwa Kiswahili. Hakuna aliyelazimika kungoja istilahi ya mfumuko wa bei ili aeleze kwamba ujira wa mwezi haufiki mwisho wa mwezi. Lakini madai yalipofika mbele ya baraza la usuluhishi lililoongozwa na Jaji Thacker, yaliandikwa na kuamuliwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo tunapoona mpaka halisi wa lugha hizi mbili. Mpaka huo haupiti kati ya lugha yenye maneno na lugha isiyo na maneno. Unapita kati ya lugha ya kudai na lugha ya kuamua.

5.0 Kodi tatu

Sasa tulitazame neno kodi. Kiingereza huyatenga mambo mawili: rent, ambayo ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na tax, ambayo ni malipo ya raia kwa serikali. Kiswahili huyaita yote mawili kodi.

Mwaka 1901 serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki iliweka kodi juu ya kila kibanda cha Mwafrika. Kwa Kiswahili iliitwa kodi ya nyumba. Mtu aliilipa kwa ajili ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, na lengo moja lililojulikana la kodi hiyo lilikuwa kumfanya atafute fedha, na kwa hiyo atafute kazi. Wengi walioshuka Mombasa kufanya kibarua walishuka kwa ajili yake.

Walipofika mjini wakakuta kodi ya nyumba nyingine. Hii ilikuwa ya chumba, nayo ililipwa kila mwezi. Mombasa ina, zaidi ya hapo, utaratibu wake maalumu ambao umewashughulisha wanasheria kwa muda mrefu, yaani umiliki wa nyumba bila ardhi. Mtu hukodi kiwanja kutoka kwa mwenye ardhi, akajenga nyumba ya Kiswahili ya vyumba kadhaa na ukumbi katikati, akawapangisha wengine vyumba. Basi mtu huyohuyo hupokea kodi kwa mkono mmoja na kutoa kodi kwa mkono mwingine. Na anayo nyumba, lakini hana mahali nyumba iliposimama. Sheria ya Kiingereza, ambayo kwa desturi huhesabu kilichojengwa juu ya ardhi kuwa sehemu ya ardhi, haikuwa na neno jepesi kwa hali hiyo. Mswahili hakuona tatizo: nyumba ni yake, kiwanja si chake. Huu ni mfano ambapo upungufu wa msamiati ulikuwa upande wa pili.

Kodi ya tatu ni ya juzi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliwakata waajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya ujenzi wa nyumba za bei nafuu, na mwaka 2024 sheria maalumu ya nyumba hizo ikapitishwa. Kwa Kiingereza makato hayo yaliitwa levy, neno la tatu, ambalo si rent wala si tax. Kwa Kiswahili yaliitwa kwa majina kadhaa: ushuru, ada, tozo, na pia kodi ya nyumba.

Kwa hiyo mfanyakazi wa Chaani anayeishi chumba cha kupanga aweza leo kulipa kodi ya nyumba mara mbili kwa mwezi mmoja, kwa watu wawili, kwa sababu mbili. Na babu yake alikuwa ameilipa kwa sababu ya tatu. Mtu aweza kusema kwamba huu ni udhaifu wa lugha. Sisi twaona pande mbili. Kwa upande mmoja, ni kweli kwamba mjadala wa hadhara unahitaji majina yanayotenganisha mambo, kwani haki ya mpangaji na wajibu wa mlipa kodi haziko mahakama moja. Kwa upande mwingine, neno hili moja linasema jambo ambalo maneno matatu ya Kiingereza hulificha, nalo ni kwamba kwa mtu wa kipato kidogo malipo yote haya yana sura moja: fedha inayotoka kabla chakula hakijanunuliwa.

6.0 Mkopo na riba

Katika Mradi wa Pili wa Miji wa Kenya, uliogharimiwa kwa sehemu na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 1978, Chaani ilikuwa miongoni mwa sehemu za Mombasa zilizotengewa mipango ya makazi. Miradi ya aina hiyo ilikuwa na utaratibu unaojulikana. Mwananchi hupewa kiwanja chenye maji, njia na mifereji. Hukopeshwa fedha za vifaa vya ujenzi. Kisha hulipa kidogokidogo kwa miaka mingi, na mara nyingi hupangisha vyumba ili aweze kulipa. Ndivyo maneno ploti, mkopo, dipoziti na riba yalivyohamia kutoka ofisini hadi barazani.

Dipoziti halikuja mahali patupu. Kiswahili kilikuwa na arabuni, malipo ya mwanzo ya kufunga mapatano. Lakini arabuni ilikuwa baina ya watu wawili wanaojuana, na dipoziti hutolewa dirishani na kupewa stakabadhi. Neno la kigeni lilichukuliwa kwa sababu uhusiano ulikuwa wa kigeni. Yumkini hii ndiyo sababu juhudi nyingi za kurejesha maneno ya zamani hushindwa: huleta neno bila ya uhusiano wake.

Riba lina uzito zaidi. Kiingereza cha leo hutenga riba halali ya benki na riba ya kunyonya kwa maneno mawili. Kiswahili kina neno moja, nalo limetoka katika lugha ya Kurani, ambamo riba imeharamishwa. Fomu ya benki iliyotafsiriwa kwa Kiswahili sanifu humwambia Mwislamu wa Changamwe, kwa lugha safi kabisa, kwamba anaalikwa kutenda dhambi. Kwa Mkristo aliyetoka bara neno hilohilo ni hesabu tu. Kamusi huandika maana moja. Mtaa una mbili. Benki mbili zinazofuata sheria ya Kiislamu zilipoanza kazi nchini Kenya mwaka 2008 zilihitaji msamiati wa faida, ubia na ununuzi. Maneno hayo yote Kiswahili kilikuwa nayo tangu enzi za majahazi.

7.0 Lugha ya sheria ya fedha

Inadaiwa mara kwa mara kwamba Kiingereza kilishika mambo ya fedha kwa sababu za kimaumbile. Historia ya Bunge la Kenya haikubali hivyo. Mnamo Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya Bunge. Hata hivyo, kifungu cha 53 cha Katiba, kama kilivyosimama baada ya marekebisho ya miaka hiyo, kiliamuru kwamba miswada yote, sheria zote, na maazimio yote ya fedha pamoja na hati zake, viandikwe kwa Kiingereza. Mbunge aliweza kuzungumza Kiswahili juu ya fedha, lakini fedha yenyewe ilipangwa kwa Kiingereza. Huo ulikuwa uamuzi, haukuwa maumbile.

Ng'ambo ya mpaka uamuzi ulikuwa mwingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliusambaza kwa Kiswahili msamiati wa ubepari, unyonyaji na njia kuu za uchumi, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka huohuo, likaanza katika miaka ya 1970 kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Istilahi nyingi tunazozitumia leo Kenya, mathalani mfumuko wa bei na pato la taifa, zimetukuta zikiwa zimekwisha kusanifiwa. Hapa kuna kinaya cha kihistoria. Mkutano wa mwaka 1928 ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa. Mji ulioamulia lugha haukuwa tena mji wa kuiundia maneno.

Katiba ya mwaka 2010 imeufuta mpaka huo. Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 120 kimekifanya lugha rasmi ya Bunge. Na kifungu cha 201 kimetaka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Vifungu hivi vikisomwa pamoja, mkazi wa Chaani anayo haki ya kuelewa makadirio ya mapato na matumizi ya serikali yake katika lugha anayoizungumza. Mwezi Juni 2024, maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha yalipoenea nchini, Mombasa ikiwemo, hadi Rais akakataa kuutia sahihi, wito mkuu wa maandamano uliandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa mswada wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza. Haki imekuja; msamiati wake haujaifuata.

8.0 Simu

Mwaka 2007 Safaricom ilianzisha huduma ya M-Pesa. Jina la sarafu ndogo ya shaba likawa jina la njia inayopitisha fedha za nchi nzima. Linalotuvutia zaidi ni vitenzi vyake: kutuma, kutoa, kuweka, kulipa. Shughuli ambazo benki iliziita kwa Kiingereza kwa muda wa karne moja ziligeuzwa Kiswahili cha kawaida kwa muda mfupi, bila ya kamati, kwa sababu huduma ilihitaji kueleweka na mtu aliyesimama mbele ya wakala.

Lakini uelewevu nao waweza kuwa mtego. Mwaka 2019 ilikuja Fuliza, huduma ya kumwezesha mtu kulipa zaidi ya salio lake. Katika kamusi, kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila ya kusita. Neno limechaguliwa vizuri na linapendeza sikioni. Lakini halisemi deni. Istilahi ya Kiingereza ya benki, kwa ugumu wake wote, ilimwambia mteja kwamba amevuka mpaka. Kitenzi cha Kiswahili kinamwambia aendelee. Kwa hiyo kuwa na neno la Kiswahili si kinga ya kutosha. Hapana budi tuulize neno hilo limeundwa na nani na kwa faida ya nani.

9.0 Hitimisho

Tumeona kwamba msamiati wa fedha katika Chaani ni tabaka juu ya tabaka: riale chini ya thumuni, utumwa chini ya kibarua, kibanda cha mwaka 1901 chini ya kodi ya nyumba. Kiingereza hakikujaza pengo. Kiliyakuta maneno, kikayaongezea mambo mapya, kisha kikajiwekea haki ya kuyatenganisha.

Kutokana na hayo twapendekeza mambo mawili. La kwanza, watunga kamusi waonyeshe kwa tarehe maana mbalimbali za maneno kama kodi, riba na kibarua, badala ya kuzirundika katika kidahizo kimoja kana kwamba zilizaliwa siku moja. La pili, wanaotafsiri hati za fedha za serikali za kaunti waanzie katika matumizi ya watu wanaolipa, wakitenga kwa mfano kodi ya pango, kodi ya serikali na tozo, na kuyashikilia majina hayo katika kila hati bila ya kuyabadilishabadilisha. Kazi hiyo haihitaji maneno mapya mengi. Inahitaji kuamua, kwa maandishi, kila neno tulilonalo linamdai nani, na linamdai nini.